Moto Uliovuka Mto Theta

Shangazi yangu hapigi simu ovyo. Akipiga, ujue kuna mgonjwa, kuna harusi, au ng'ombe amezaa mapacha. Kwa hiyo aliponipigia wiki ile, nikiwa jikoni kwangu kule Kamakis nikikaanga vitunguu, nilizima gesi kwanza ndipo nikapokea. Hakusalimia.

"Maitu, hawa watu wa gesi wanasema tuzime moto. Kuja."

Maitu ni mama yangu kwa Kikuyu. Usishangae mtu mzima kumwita mtoto wa kaka yake mama. Kwetu mtoto hupewa jina la nyanya yake, na mimi nilipewa la shosho, aliyemzaa shangazi huyu. Ameniita hivyo tangu nilipokuwa wa kubebwa mgongoni, na akitaka jambo kwangu huliomba kama mtoto anavyomwomba mamake, akijua hatakataliwa. Yeye sisi wote humwita tata.

Basi nikaenda. Kutoka Kamakis mpaka kwetu, chini bondeni mwa mto Theta, si safari ya kusimulia. Ukiacha lami unashuka njia ya murram, unapita ploti zilizozungushiwa mabati, unapita nyumba za ghorofa zilizoota mahali palipokuwa na kahawa, halafu ghafla ardhi inakatika na unausikia mto kabla ya kuuona. Hapo mimi husimama kila mara. Nimewahi kusimama hapo na sare ya shule, na mimba, na msiba, na kila mara mto ule huniziba mdomo. Ni mto mdogo, watu wa Thika na maporomoko yao wangeucheka. Lakini ndio wa kwanza niliouona duniani, na mpaka leo sielewi maji yale yote hutoka wapi bila kuchoka.

Safari hii kulikuwa na kitu kingine cha kutazama. Vigingi vya rangi nyekundu vilikuwa vimepigwa kwenye mteremko wote, kimoja baada ya kingine, na kimojawapo kilisimama nyuma ya nyumba ya jikoni ya tata, karibu na mgomba. Moshi ulikuwa ukitoka pembeni mwa mabati yake kama kawaida.

Ngoja kwanza nikuambie moto wetu ulivyokuwa, rafiki yangu, maana usipoujua utadhani tata ni mkaidi tu.

Kiberiti kilikuwapo. Usidhani nakusimulia enzi za kupekecha vijiti. Kilikaa kwenye rafu karibu na chumvi, lakini kukiwasha ovyo kulionekana ni maringo, au ni uvivu wa kutembea. Jioni shosho alifukia makaa ndani ya majivu, akayapigapiga kwa mgongo wa mwiko, na asubuhi akayafukua. Mimi nilichuchumaa kando yake nikitazama. Majivu yalikuwa baridi, yamekufa kabisa machoni pangu. Kisha shosho alipuliza, na chini yake kitu chekundu kikafungua jicho. Niliona hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nilishtuka.

Yakiwa yamezimika, mtoto alitumwa kuomba moto. Tulisimama mlangoni tukalitazama bonde lote, na nyumba iliyokuwa ikitoa moshi ndiyo uliyoiendea. Ulibeba kigae cha chungu kilichovunjika, ukabisha hodi, ukasema umetumwa moto, basi. Na kulikuwa na sheria. Mwenye moto hakukunyima, hata kama jana aligombana na mamako kisimani. Wewe hukusema asante, kwa sababu moto ulikuwa kitu cha kuhama tu, leo kwake, kesho kwako. Hukukimbia, wala hukusimama njiani kucheza. Ulitembea ukiupuliza kidogo kidogo, kiganja kikiukinga upepo, na watu wazima uliokutana nao walikupisha. Siku moja mzee wa kanisa, mwenye suti na kofia, aliingia kwenye majani yenye umande mpaka magotini ili nipite na kigae changu. Sijawahi tena kujisikia mkubwa namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Moto huo ulikula matawi makavu ya kahawa, yale tuliyookota baada ya kupogoa, na ulitupikia githeri tangu asubuhi mpaka jua likaegemea. Uji wetu ulikuwa wa kuchachusha, mkali kidogo, na chai ilikuwa na ladha ya moshi ambayo nimeitafuta hoteli zote za Ruiru nisiipate. Nyuma ya yote hayo kulikuwa na mlio wa kinu. Kwenye mawe ya juu, jirani mmoja Kalasinga mwenye kilemba cha bluu alikuwa na kinu cha mahindi kilichozungushwa na maji ya mto wenyewe. Du-du-du-du, mchana kutwa. Tulipokwenda kusaga tulirudi na nyusi nyeupe tukichekana. Mto unaosaga unga! Nilifikiri hakuna nguvu kubwa kuliko hiyo, na Kalasinga yule nilimwona kama mtu aliyefuga simba akamfunza kazi.

Ng'ambo ya pili, mkabala na sisi, aliishi mwanamke ambaye watoto tulimwita mama wa ng'ambo. Yeye na shosho walikuwa marafiki wa kusuka vyondo pamoja, mpaka mwaka mmoja mto ulipofurika na maji yalipopungua ukaonekana umehama. Ulikuwa umekata kona mpya, na nusu ya nduma za shosho zikajikuta upande wa pili. Mama wa ng'ambo akazichimba akazipika. Shosho aliiona sufuria ile ikifuka mvuke, yeye akiwa upande huu, na alijua fika ndani kuna nini. Kuanzia siku hiyo hawakusalimiana. Kanisani mmoja akikaa mbele mwingine alikaa nyuma. Shosho alilalamika kwamba mto una haki ya kutembea lakini nduma zina mwenyewe. Yule wa ng'ambo naye alijibu, kupitia kwa watu, kwamba hakumwalika mto shambani kwake, ulikuja wenyewe na mizigo yake.

Moto tu ndio ulioendelea kupita. Moshi wa kwanza ukitoka kwa mama wa ng'ambo, nilivuka daraja la magogo na kigae changu, naye alinipa bila kuuliza habari za nyumbani. Aliniambia neno moja tu, lilelile kila mara: "Shika na mikono mbili."

Kisha ikaja mvua ya mwaka ule tata alipojifungua. Alikuwa amekuja kujifungulia kwa mamake, mtoto wake wa kwanza, mvulana. Mvua haikunyesha, ilimwagwa. Kinu cha Kalasinga kilinyamaza, na ndipo nilipojua maji ya kupita kiasi huzima hata kinu cha maji. Asubuhi moja tuliamka tukakuta chemchemi imefumuka katikati ya jikoni. Mafiga matatu yalisimama ndani ya maji, na majivu ya shosho yalikuwa yakielea. Alikichukua kiberiti kwenye rafu. Kilikuwa kimelowa kikawa kama uji, na kila njiti aliyoikwangua iliacha kichwa chake kwenye ubavu wa kisanduku.

Chumbani mtoto alikuwa ameacha kulia. Tata alikuwa amemkumbatia kifuani chini ya blanketi lililoloa, naye mwenyewe akitetemeka. Mimi niliona nafuu kwamba mtoto amenyamaza. Shosho akasema kwa sauti ndogo kwamba angelia ingekuwa afadhali.

Tukasimama mlangoni, shosho na mimi, tukatafuta moshi. Bonde lote lilikuwa limekufa. Moshi mmoja tu ulikuwa ukipanda, na ulikuwa ng'ambo. Daraja halikuonekana. Ungejua liko wapi kwa sababu tu maji yalikuwa yakijikunja pale yalipolipanda. Shosho alinitazama, akautazama mto, akatikisa kichwa.

Ndipo nilipomwona. Mama wa ng'ambo alikuwa amesimama kwenye ukingo wake na chungu kichwani, akitazama nyumbani kwetu. Nimefikiri sana juu ya mtazamo ule. Alikuwa akitafuta moshi wetu, kama sisi tulivyoutafuta wake, na hakuuona. Hakuna mtu aliyekuwa amekwenda kumwomba. Akalipapasa gogo la kwanza kwa dole la mguu, akakanyaga.

Sijui nikuelezeje, rafiki yangu. Mto ulikuwa wa rangi ya kakao na unabeba miti mizima ya kahawa na mizizi yake. Ulipita na kibanda cha kuku cha mtu. Sauti yake haikuwa ya maji tena, ilikuwa ya mawe yanayosukumana chini. Na katikati ya hayo yote mwanamke mmoja mnene, leso imemganda mwilini, alikuja polepole, hatua, halafu papasa, halafu hatua. Mikono miwili ilikuwa juu, imeshika chungu. Mvua ilipokipiga kilitoa mvuke, na pembeni mwa kifuniko moshi mwembamba ulikuwa ukichuruzika kwenda juu. Mto mzima ulikuwa ukipita juu ya miguu yake, na moto umekaa kichwani pake haujui lolote. Mimi ni mtu wa kanisa na nimesikia miujiza mingi ikihubiriwa, lakini nikiambiwa neno muujiza, mpaka leo namwona yeye.

Alipofika hakusalimia. Alipita katikati yetu, akaingia chumbani kwa tata, akaomba karai. Akamimina makaa humo, akapiga magoti, akapuliza mpaka mashavu yakawa kama mandazi. Shosho alivunja kigoda chake mwenyewe kwa shoka akampa vipande. Moto ukashika. Hakuna aliyesema asante, kama ilivyokuwa sheria. Walikaa pande mbili za karai wale wawili, na mvuke ukitoka kwenye nguo zao. Halafu mama wa ng'ambo akaingiza mkono kifuani, akatoa nduma mbili, akazichomeka kwenye majivu ya moto.

Shosho alizitazama. "Hizo ni zangu," akasema.

"Ni zako," mwenzake akajibu. "Pindua hiyo, isiungue."

Shosho akaipindua. Zilipoiva wakala, wakatupa na sisi, na mtoto akaanza kulia kilio kikubwa cha hasira. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kuliko kile kilio. Kalasinga alishuka kutoka kinuni akiwa amefunika kilemba kwa karatasi ya nailoni, begani gunia la magunzi makavu aliyokuwa akichemshia maji ya kuoga, akalitua mlangoni na kusema, "Choma yote, mama, choma yote." Kisha watoto wa majirani wakaanza kufika na vigae. Moto ulitoka kwenye karai letu ukaenda nyumba hii, ukaenda ile, na kabla jua halijafika utosini, kama lingekuwapo, bonde zima lilikuwa linatoa moshi.

Huo ndio moto ambao tata alikuwa ananiambia anatakiwa kuuzima. Sikwambii ni uleule. Kuni huisha, makaa huisha, na mimi si mtoto. Lakini tata anaapa kwamba haujawahi kulala tangu siku ile, kwamba shosho aliufukia kila jioni hadi alipoondoka, na yeye, aliyebaki na nyumba ile, akaendelea. Mimi nani nimbishie?

Mkutano ulifanyika pale palipokuwa na kinu, ambapo sasa kuna kuta mbili tu na mti umeota katikati yake. Kampuni ilileta hema, viti vya plastiki, soda, na msichana mhandisi mwenye kofia ngumu nyeupe aliyetusalimia vizuri kwa heshima. Alikuwa na mfano wa kituo cha gesi wanachotaka kujenga juu ya meza, na watoto walikuwa wamejazana mbele wakiugusa. Matangi meupe, makubwa kuliko kanisa letu. Na nikuambie ukweli: nilishangaa mimi. Alieleza kwamba gesi ikipozwa sana, baridi ambayo hakuna barafu inayoifikia, hugeuka maji. "Gesi ya kujaza hii bonde yote," akasema, "inatoshea kwa tangi moja, na imetulia tu kama maziwa." Inaletwa na malori kutoka baharini, inalazwa hapa kando ya mto, kisha inaamshwa, inakwenda viwandani Thika na majikoni Nairobi. Moto umelala ndani ya baridi! Nilimkumbuka shosho na majivu yake. Walikuwa wanafanya alichokuwa akifanya, ila kwa ukubwa wa kutisha. Na mto walikuwa wanautaka kwa ajili ya maji ya kuzimia moto, hatari ikitokea.

Watu waliuliza walichopaswa kuuliza. Njia ya kwenda mtoni itafungwa? Itafungwa, lakini kutakuwa na bomba. Barabara itawekwa lami? Itawekwa. Ikilipuka? Haitalipuka, ndiyo sababu ya vigingi vyekundu. Ndani ya vigingi, gesi ikishafika, hakuna kuni, hakuna jiko la makaa, hakuna kuchoma taka. Kila nyumba itapewa meko ya gesi na mtungi. Mstari wa vigingi ulipita nyuma ya jikoni ya tata, ukaiacha ndani, ukateremka na kuishia mtoni. Ng'ambo ilikuwa nje.

Tata akasimama. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa.

"Msichana wangu, umeongea poa. Sasa mkishaleta hiyo moto yote, siku mtu ameamka hana moto, anakuja kwa geti kuwaomba?"

Watu wakacheka. Yule msichana hakucheka, na kwa hilo nilimpenda. "Hapana, mama. Mtungi ukiisha unapiga simu, unaletewa."

"Na nisipopiga? Nikishindwa? Kuna mtu ataangalia kwangu aone hakuna moshi?"

Msichana akasema atalipeleka swali hilo ofisini. Tata akamshukuru, akaketi.

Chifu alipoitisha mikono, mingi iliinuka kukubali. Mmoja ulikuwa wa binamu yangu, yule mtoto wa karai. Sasa ni fundi wa kuchomelea mageti, ana ndevu, ana watoto, na wamemwambia kutakuwa na kazi ya kuchomelea kwa miaka. Aliinua mkono huku ametazama chini. Tata alimwona. Baadaye, tukirudi nyumbani, alimshika mkono ule ule, akasema, "Uliinua vizuri. Watoto wanakula nini?" Ni kweli. Na mimi ninayepika kwa gesi huko Kamakis ningesimama na nini mdomoni? Kule ninakoishi mtungi uliwahi kuniishia maharage yakiwa nusu, nikasimama kwenye korido nikitazama milango ya majirani, yote imefungwa, nisijue hata jina la mmoja. Nikapiga simu, nikaletewa. Maharage yaliiva. Lakini nilikula nikiwa na huzuni ambayo sikuweza kuieleza.

Asubuhi iliyofuata tata aliniamsha. Chungu cha mama wa ng'ambo, ambacho hakikurudishwa miaka yote hiyo kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukitendea kama kitu cha kuazimwa, kilikuwa kwenye mlango wa jikoni, kimepanguswa.

"Tata, bado," nikamwambia. "Gesi haijafika. Huenda hata isifike."

"Sitangoja mtu wa ofisi akuje kuimwagia maji," akasema. "Hii moto iliingia hapa na heshima. Itoke nayo."

Akafukua majivu, akapuliza. Jicho likafunguka, na mimi, mwanamke mzima mwenye mvi, nikashtuka kama zamani. Akayachota makaa yote, hata vipande vidogo, akavitia ndani ya chungu juu ya majivu. Nilinyoosha mikono nimsaidie kukiinua kichwani kwake. Akakataa.

"Ni yako. Si wewe ndiye mama?" Macho yake yalikuwa yamejaa. "Shika na mikono mbili."

Daraja sasa ni la saruji, na mto ulikuwa mpole. Lakini nilitembea kama mtoto, bila kukimbia, bila kusimama. Katikati ya daraja nilikutana na kijana wa bodaboda. Alizima injini, akaisukuma pikipiki yake mpaka kando kabisa ili nipite. Sijui nani alimfundisha.

Mke wa mwana wa mama wa ng'ambo alikuwa uani akifua. Yeye pia hupikia gesi, na jiko la zamani la mama mkwe wake ni la kuku tu. Aliona moshi kichwani pangu, akaona chungu, akasimama na povu mikononi. Sikuhitaji kueleza, kila mtu pande zote mbili amelelewa na hadithi ile.

"Nimetumwa moto," nikasema, na kwa mara ya kwanza maneno hayo yalikuwa na maana ya kuleta.

"Haiya. Ngoja nitoe kuku."

Kulikuwa na kuku anayeatamia katikati ya mafiga. Alimhamisha na mayai yake huku wakigombana, akafagia, akavunja vijiti. Nikamimina makaa. Tulipiga magoti pande mbili, tukapuliza mpaka machozi yakatutoka, na moshi ukajaza nyumba, ukatafuta njia, ukatoka. Hakusema asante. Mimi pia sikusema.

Nikatoka nje kupumua. Nyumbani kwetu sasa ndiko kulikokuwa ng'ambo. Nikaona mgomba, kigingi chekundu, mabati ya jikoni yametulia kabisa, hayana kitu juu yake. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuliona paa lile bila moshi. Kinu hakipo, magogo hayapo, nduma hazipo, wale wawili wamezikwa kila mmoja upande wake, na mto unapita katikati ukiwa na maji mengi vilevile. Nikaona mbona kwetu hakuna moshi, mtu aende. Nilipiga hata hatua moja kwenda, kabla sijakumbuka.

Tata alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni yake, kiganja juu ya macho, akitazama huku. Nikasogea pembeni nisimzibie. Moshi ukapanda nyuma yangu juu ya paa, ukanyooka. Akauona, akashusha mkono, akaingia ndani.